Seli ya jua ya rangi ya rozela: volti ipo, mkondo haupo, na siku ya pili imekufa

Kioo_na_Rozela (ameuliza)

Habari zenu wakuu. Naomba msaada kwenye seli ya jua inayotumia rangi ya mmea badala ya silikoni. Naweka kila kitu nilichotumia ili msilazimike kubahatisha.

Kioo ni cha FTO (kimepakwa oksidi ya bati yenye florini, inayopitisha umeme), omu 15 kwa mraba, vipande viwili vya sentimita 2.5 kwa 2.5. Eneo lililopakwa ni sentimita 2 kwa 2.
Unga ni titani dioksaidi ya kutengenezea rangi ya ukutani, umesagwa kwa siki ya mezani mpaka ukawa mzito. Baada ya kukauka umechomwa nyuzi 450 kwa dakika 30 juu ya bamba la moto la maabara.
Rangi: gramu 10 za rozela kavu kwenye mililita 100 za maji, zimechemshwa dakika 20. Kioo kimeloweshwa dakika 10.
Elektrolaiti (kimiminika cha kupitisha umeme kati ya vioo viwili) ni ile dawa ya vidonda ya kahawia, ayodini ya povidoni.
Kioo cha pili kimesuguliwa penseli ya HB.
Utepe wa shaba umeingia mpaka ukingoni mwa tabaka jeupe. Seli imebanwa kwa vibanio viwili, pembeni haijazibwa.

Kwenye jua la saa sita mchana: 0.41 V na 0.6 mA. Kesho yake: 0.2 V na 0.05 mA. Tabaka bado ni la waridi, ila kimiminika kilichokuwa kahawia sasa ni karibu maji matupu.

Nauliza mambo matatu. Kwa nini mkondo ni mdogo hivi? Kwa nini imekufa upesi? Na nikichanganya rozela na kijani cha mchicha ili nipate na mwanga mwekundu, itasaidia?

---

Fundi_Anatasi

Mkuu, umefanya vizuri kuweka vipimo. Tuanze na hesabu, maana ndiyo itakayotuonyesha pa kutafuta.

0.6 mA kwa sentimita 4 za mraba ni 0.15 mA kwa kila sentimita ya mraba. Anthosianini za rozela, yaani rangi yake nyekundu, hufyonza mwanga wa kati ya nanomita 450 na 600 hivi, kilele kikiwa jirani na 520. Kwenye jua kamili la wati 1000 kwa mita ya mraba, kama fotoni (chembe za mwanga) zote za ukanda huo zingefyonzwa na kila moja ikatoa elektroni yake, ungepata karibu 9 mA kwa sentimita ya mraba. Seli ya rangi ya matunda iliyotengenezwa kwa uangalifu hutoa 1 mpaka 2. Wewe uko kwenye moja ya kumi ya hapo. Pengo la namna hiyo huwezi kuliziba kwa kukoleza rangi. Rangi unayo ya kutosha, ila haina mahali pa kushika.

Wa kulaumiwa kwanza ni unga. Titani ya rangi ya ukutani kwa kawaida ni rutili (aina moja ya fuwele za titani dioksaidi), yenye chembe za nanomita 200 hadi 300, kwa sababu ukubwa huo hutawanya mwanga vizuri na ukuta ukaonekana mweupe. Tena chembe hizo huvikwa ganda jembamba la alumina au silika ili zisiiunguze rangi ya ukuta juani. Mwenye ukuta anafaidika, wewe unapata hasara mara mbili: eneo la uso ni dogo, na ganda linazuia elektroni kuingia kwenye titani.

Unaohitaji ni unga wa chembe za nanomita 20 hivi, wenye anatasi (aina nyingine ya fuwele hizo) kwa wingi. Ule unaoitwa P25 una takriban asilimia 80 ya anatasi na eneo la mita za mraba 50 hivi kwa gramu. Eneo ndilo kila kitu hapa. Molekuli ya rangi inayotoa elektroni ni ile iliyogusana na titani, basi. Safu moja ya molekuli juu ya uso bapa hufyonza chini ya asilimia moja ya mwanga, na zikirundikana juu yake hazitoi umeme, zinatia kivuli tu. Sifongo la chembe ndogo lenye unene wa mikromita 10 hukupa uso mara mamia kadhaa ya ule bapa. Hapo ndipo watafiti Brian O'Regan na Michael Grätzel walipofungua mlango mwaka 1991, walipovuka asilimia 7 kwa rangi yenye metali ya ruteni. Rangi zenyewe zilikuwa zikijaribiwa tangu zamani, ila juu ya uso bapa.

Uji wa titani utengeneze hivi. Punguza siki nyeupe: mililita 1 kwa mililita 50 za maji yaliyokenekwa (maji ya betri yasiyo na asidi yanafaa). Utakuwa na pH ya 3 na kitu. Siki ya mezani bila kuipunguza ni kali mno, na ile ya kahawia ina mabaki yasiyotakiwa. Weka gramu 2 za unga kwenye kinu cha kauri, kisha tia maji hayo ya siki nusu mililita kwa nusu mililita, unasaga kwa mchi kila mara mpaka madonge yaishe ndipo uongeze. Ukimaliza mililita 3 utakuwa umesaga karibu nusu saa. Usikimbilie kumwaga yote pamoja: chembe zitashikana kwenye mabonge, na bonge likishakaa ndani ya uji mwepesi mchi hauliwezi tena. Mwisho kabisa tia tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na rangi, koroga taratibu bila kutoa povu, uache utulie dakika 15.

Kabla ya kupaka, hakikisha uso wa kioo kwa mita: upande unaopitisha umeme utasoma makumi ya omu, ule mwingine hausomi kitu. Bandika selotepu pande tatu, dondosha uji ukingoni, uvute kwa fimbo ya kioo mara moja bila kusita. Ukirudia mara tatu nne, uji unaanza kukauka chini ya fimbo na unapata mistari. Acha ukauke, bandua tepu, ndipo uchome kwa nyuzi 450.

Wakati wa kuchoma usiondoke. Tabaka litageuka kahawia, kwa kuwa sabuni na asidi zinaungua, kisha litarudi kuwa jeupe. Kama halijarudi, moto haujatosha. Likipasuka vipandevipande kama tope la dimbwi lililokauka, umepaka nene: afadhali tabaka mbili nyembamba, kila moja ichomwe kivyake. Zima moto na uache kioo kipoe juu ya bamba lenyewe, ukikitoa kikiwa cha moto kitapasuka. (Wenye kioo cha ITO, yaani chenye oksidi ya indiamu na bati, kumbukeni kwamba nyuzi 450 huongeza sana upinzani wake. Ndiyo maana hapa hutumika FTO.)

Jambo la mwisho upande wangu ni upana. Kwa sasa upinzani wa kioo haukuumizi: 0.6 mA kupitia omu 30 (15 kwa kila kioo) ni volti 0.018 tu. Ila ukifika 8 mA kwenye seli hiyo hiyo, omu 30 hizo zinakula volti 0.24, zaidi ya nusu ya ulichonacho. Seli inayofuata ipe upana wa sentimita 1 au pungufu, urefu uwe wowote, na mshiko wa waya upite kwenye upande mrefu.

---

Koleo_la_Rangi

Naongezea kwenye rangi yenyewe, maana hapo napo kuna makosa mawili.

Kuchemsha dakika 20 kunaivunja anthosianini. Pia maji ya moto yanatoa utomvu, sukari na asidi nyingi za rozela. Utomvu unaziba vinyweleo vya sifongo, na asidi hizo zina vikundi vya kaboksili (ncha za asidi zinazoshika titani) vinavyogombea nafasi zile zile za titani. Badala yake loweka gramu 5 za rozela kwenye mililita 50 za ethanoli ya asilimia 70 hadi 80, na matone machache ya asidi ya sitriki au asetiki, gizani, bila moto, usiku mzima. Ethanoli huacha sehemu kubwa ya utomvu nyuma. Chuja kwa karatasi, na asubuhi kiwe kimiminika chekundu kinachong'aa. Kikielekea bluu au kijivu, pH imepanda na rangi imeanza kuharibika.

Kioo kilichochomwa kisipoe kabisa. Kikifika nyuzi 80 hivi kitumbukize moja kwa moja, kabla sifongo halijanywa unyevu wa hewani. Dakika 10 hazitoshi kwa tabaka la mikromita 10. Kiache saa 12.

Sasa jicho lako ndilo kipimo. Delfinidini na sianidini za rozela zina vikundi viwili vya haidroksili vilivyokaa jirani, navyo huibana ayoni ya titani kama koleo. Rangi ikibanwa hivyo hubadilika: wekundu wa kwenye bilauri unakuwa zambarau kwenye kioo. Toa kioo, suuza kwa maji, kisha kwa ethanoli. Zambarau ikibaki, imeshika. Ikiwa tabaka lina wekundu ule ule wa bilauri na linapauka ukisuuza, rangi imenyweka tu ndani ya matundu, haijashika chochote. Waridi wako nina hakika ni wa aina hii. Geuza kioo uangalie na upande wa nyuma: ukiona weupe popote, rudisha kwenye rangi.

Kwa sababu hiyo hiyo matunda mekundu hayafanani. Stroberi inapendeza macho, lakini rangi yake kuu ni pelagonidini, yenye haidroksili moja tu mahali hapo. Koleo la taya moja halibani.

---

Matone_Mawili

Kifo cha seli nakishika mimi. Kimiminika kupoteza ukahawia huku tabaka likiwa na rangi kunaeleza karibu kila kitu: ayodini imekwisha.

Mzunguko ni huu. Rangi ikipigwa na mwanga inampa titani elektroni, kisha inachukua nyingine kutoka kwa ayodaidi. Ayodaidi zilizotoa elektroni zinakuwa trayodaidi, ambayo inaogelea mpaka kwenye grafiti (ile penseli ya kioo cha pili), inapokea elektroni zilizozunguka kupitia waya, na kuwa ayodaidi tena. Kwa hiyo unahitaji ayodaidi nyingi na trayodaidi kiasi. Dawa ya povidoni haina uwiano huo: ayodini yake imefungwa kwenye polima, na sehemu kubwa ya chupa ni maji, ambayo nayo yanabandua rangi kwenye titani.

Ndani ya seli yako umeweka shaba. Shaba na ayodini zikikutana hutengeneza ayodaidi ya shaba, unga mweupe. Ichunguze pembe ya utepe, utauona. Fedha na alumini nazo huliwa. Chuma chochote kisiguse kimiminika: sogeza vioo viwili vipishane milimita 5 kila upande, na mishiko yote ikae nje kwenye masikio hayo.

Elektrolaiti tengeneza mwenyewe, mililita 10 zinatosha seli nyingi sana:
ethilini glaikoli isiyo na maji, mililita 10;
potasiamu ayodaidi, gramu 0.83;
ayodini ya fuwele, gramu 0.127.

Hizo ni moli 0.5 na 0.05 kwa lita. Koroga mpaka fuwele ziyeyuke zote, hifadhi kwenye chupa nyeusi ya kioo iliyofungwa vizuri, kwa sababu glaikoli hunywa unyevu wa hewa. Msizidishe ayodini mkidhani nguvu itaongezeka. Trayodaidi ikizidi inafyonza mwanga wa bluu kabla haujafika kwenye rangi, na inanyang'anya elektroni kutoka kwenye titani, volti inashuka. Tone moja au mawili ukingoni yanatosha, yatavutwa yenyewe kati ya vioo. Fungua na kubana vibanio kwa zamu ili hewa itoke.

Kuziba: utando wa plastiki unaoyeyuka kwa joto, unene wa mikromita 25 hadi 60, ukatwe kama fremu kuzunguka tabaka, ubanwe kwa joto la nyuzi 100 na kidogo kwa muda mfupi. Silikoni ya madirisha haifai, mvuke wa ayodini unapita. Epoksi iwe ya nje tu, juu ya kizibo kingine, isiguse kimiminika kabla haijakauka.

Penseli ya HB ina udongo mwingi. Tumia 6B au 8B, sugua pande zote bila kuacha nafasi, au pitisha kioo juu ya mshumaa kipate masizi sawasawa. Ukipata asidi ya kloroplatiniki (yenye platini), myeyusho wa milimoli 5 kwa lita kwenye isopropanoli, tone moja kwenye kioo hicho cha pili badala ya kaboni, nyuzi 400 kwa dakika 15, utaona tofauti kubwa.

Hata ikizibwa vizuri, jua litaila rangi ya mmea. Anatasi hufyonza mwanga wa chini ya nanomita 388 na hapo inaanza kuunguza kilichoigusa. Utando wa kuzuia mionzi ya chini ya nanomita 400 mbele ya kioo unarefusha maisha.

Vaa barakoa unaposaga unga mkavu, fungua madirisha unaposhika ayodini, na glaikoli iwe mbali na watoto, ni sumu ikinywewa.

---

Jani_Bichi

Kuhusu mchicha: kijani kinachotolewa kwa ethanoli hakitakusaidia. Klorofili hufyonza kwenye 430 na 660, hilo ni kweli, na kwa macho unaona kama inajaza pengo la rozela. Shida ni ile ile iliyokwisha kusemwa. Klorofili haina kaboksili huru ya kushika titani, ina mkia mrefu wa fitoli unaopenda mafuta. Itatuama juu juu na kusuuzika. Inayoshika ni klorofilini ya shaba, rangi ya chakula E141, ambayo mkia umekatwa na kaboksili zimebaki wazi.

Ukitaka kuchanganya, usimwage zote kwenye bilauri moja. Yenye mshiko mkali itachukua nafasi zote. Lowesha kwanza kwenye klorofilini kwa muda mfupi, suuza, kisha kwenye rozela. Na usitarajie mikondo miwili kujumlishwa kama hesabu ya vidole, mara nyingi mchanganyiko unatoa kidogo kuliko rangi bora ikiwa peke yake, kwa sababu molekuli jirani zinapokezana nishati bila kuifikisha kwenye titani.

Mimi ningejaribu betalaini kwanza, rangi nyingine nyekundu za mimea. Zipo kwenye bitiruti na kwenye mchicha mwekundu. Zina kaboksili za kutosha na kilele karibu na 535. Kosa lake ni kuogopa joto: kamua baridi, ongeza asidi kidogo, chuja, tumia siku hiyo hiyo. Biksini ya mbegu za mzingefuri nayo ina kaboksili, ila inafyonza upande wa bluu.

---

Swali_la_Pembeni

Samahani kwa kuingilia. Mbona hamzungumzii plastiki zinazotoa umeme, na mwani ulio hai? Havifai?

---

Fundi_Anatasi

Vinafaa, ila ni kazi nyingine. Seli za plastiki na molekuli nyingine za kaboni zilianza kuonekana za maana mwaka 1986, mtafiti Ching Tang alipopata karibu asilimia 1 kwa tabaka mbili za molekuli za rangi. Leo za maabara zimevuka asilimia 19. Ugumu wake ni kwamba mwanga ukifyonzwa, jozi ya elektroni na tundu lake (nafasi iliyoiacha) husafiri nanomita 10 hivi tu kabla ya kuzimika, kwa hiyo mtoaji na mpokeaji wa elektroni lazima vichanganyike kwa kipimo hicho. Ukaushaji wa dakika moja unaweza kuharibu mpangilio huo. Pia inahitajika kasha la naitrojeni na chumba cha ombwe la kupakia chuma. Mezani haiwezekani kwa matokeo ya kuaminika.

Mwani ulio hai unajirekebisha wenyewe, jambo ambalo rangi iliyokamuliwa haiwezi. Mwaka 2022 watafiti wa Cambridge walionyesha chombo chenye sayanobakteria (bakteria wanaotumia mwanga kama mimea) aina ya Synechocystis na anodi ya alumini kikiendesha kichakataji kidogo cha kompyuta kwa zaidi ya miezi 6. Lakini matumizi yake yalikuwa chini ya mikrowati moja. Inatosha kihisio kinacholala na kuamka, haitoshi taa.

---

Kioo_na_Rozela

Nashukuruni sana wakuu. Unga wa nanomita 20 nimeagiza. Swali la mwisho: nikimaliza seli mpya ya sentimita 1 ya mraba, naipima vipi nipate ufanisi, siyo volti na mkondo tu?

---

Matone_Mawili

Unahitaji kipingamizi cha kurekebisha cha omu 1000, na mita. Kiunganishe kati ya nyaya mbili za seli, upande wa titani ukiwa hasi. Badilisha upinzani hatua kwa hatua, kama mara 12, kila hatua andika volti na upinzani, kisha gawanya upate mkondo. Zidisha volti kwa mkondo: thamani kubwa kuliko zote ndiyo nguvu yako.

Mfano: seli ina 0.43 V ikiwa wazi (nyaya hazijaunganishwa) na 1.4 mA ikiwa imefungwa (nyaya mbili zimeunganishwa moja kwa moja kupitia mita). Kwenye omu 295 inasoma 0.28 V, yaani 0.95 mA. Nguvu ni miliwati 0.266. Jua kamili linaleta miliwati 100 kwa sentimita ya mraba, kwa hiyo ufanisi ni asilimia 0.27, na kipimo cha ujazo (fill factor, yaani nguvu halisi kwa volti ya wazi mara mkondo wa kufungwa) ni 0.266 kugawanya kwa 0.602, yaani 0.44. Kwa rangi ya mmea na glaikoli, hiyo ni seli nzuri.

Mitego miwili. Mkondo usiupime kwenye masafa ya 2 mA: mita nyingi za kawaida huweka omu 100 hivi hapo, na seli yako haitakuwa imefungwa kweli. Tumia 200 mA ikiwa mita inasoma desimali za kutosha. Na funika kila kitu kwa karatasi nyeusi yenye tundu la eneo unalolijua, la sivyo mwanga wa pembeni unakuongezea mkondo usio wako.

Mwisho, usiandike namba ya kwanza uionayo. Shika seli juani sekunde 20 huku umeifunga na uangalie. Mkondo ukianza 1.8 ukashuka taratibu mpaka 1.2, rangi na titani viko sawa: trayodaidi ndiyo haifiki kwenye grafiti upesi, kwa sababu glaikoli ni nzito. Punguza nafasi kati ya vioo kabla hujagusa kitu kingine chochote.